Binti Aliyechelewa kwa Hesabu Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za masika zimeanza leo saa tatu kasorobo asubuhi, nikiwa nimeketi mezani pangu pa kuandikia watu barua, chini ya upenu wa ofisi ya ardhi. Nimeisogeza taipureta hatua mbili ndani. Kwa kuwa msimu huu una jambo kubwa katika nyumba yangu, nimeona ni vyema kuliwekea kumbukumbu ya maandishi, maana neno lisiloandikwa hubadilika kila linaposimuliwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kitinda mimba wangu, binti wa miaka ishirini na miwili, ni mchezaji wa majaribio katika kundi la baleti lililo mtaa wa nyuma ya kituo cha zimamoto. Tarehe 10 Mei kundi litaonyesha kazi mpya. Baada ya hapo, wanne kati ya wanane walio katika majaribio watapewa mkataba. Waliosalia watashukuriwa. Mimi huwasomea watu barua zenye neno hilo, na ninaujua uzito wake.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mteja mmoja, shauri la mpaka wa shamba. Alinisimulia mara mbili kama ilivyo kanuni yangu. Mara ya kwanza jirani alihamisha jiwe. Mara ya pili jiwe lilihamishwa na mafuriko. Siandiki barua ya mtu kabla ya kulisikia shauri lake mara mbili, kwa kuwa ukweli hukaa katika tofauti ya masimulizi hayo mawili.

Jumamosi, 8 Machi

Leo wazazi tulialikwa kutazama mazoezi. Ukumbi ule zamani ulikuwa ghala la magunia. Sakafu imetandikwa mbao, ukuta mmoja ni vioo vitupu, na paa ni la mabati, hivi kwamba mvua ikinyesha msemaji hulazimika kuongea kama mgomvi. Nilivaa koti.

Kazi mpya inahusu ofisi. Wachezaji wanane, wote katika mashati ya kijivu, ni watumishi: wanaingia, wanasalimiana, wanaketi, wanainuka, wanampokea mkubwa wao. Hapana neno linalosemwa. Ndiyo baleti ya kisasa. Mara wamesimama kwenye ncha za vidole, mara wanajiviringisha sakafuni kama watoto wa chekechea. Saba walikwenda kana kwamba wamefungwa uzi mmoja. Wa nane alikuwa binti yangu, na binti yangu alikosea.

Hakukosea mara moja. Wenzake walipoinama, yeye alikuwa wima. Alipoinama, wao walikuwa wamekwisha kuinuka. Alimnyoshea mkono kijana mrefu wanayemwita Twiga, naye Twiga alikuwa amekwisha kuurudisha wake mfukoni. Alikwenda kuketi, na kiti kilikuwa kimeondolewa. Watu walicheka. Mama mmoja pembeni yangu alicheka hadi akaniegemea begani, nami simjui.

Nyumbani nilimwita binti.

"Kwani hatua hukuzijua?"

"Nazijua kuliko wote, Baba."

"Mbona ulichelewa?"

"Ndiyo sehemu yangu hiyo. Nachelewa hesabu moja, mwanzo mpaka mwisho."

"Yaani katika watu wanane, wewe ndiye uliyechaguliwa kukosea?"

"Baba, jamani! Kuchelewa siyo kukosea."

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. "Mimi pale pa kiti nimekufa," alisema. "Mwanangu unavyokaa hewani kwa heshima zako zote!"

Sikuona la kuchekesha. Nimejifunza maandishi peke yangu, kwa kamusi isiyo na jalada na barua za zamani za serikali, ili mtu yeyote asije akasema nyumba hii haijui kufanya jambo kwa usahihi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwandikia mkurugenzi wa kundi. Nanakili aya ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu imesimama vizuri:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi, mzazi wa mchezaji tajwa, nasikitika kukufahamisha kwamba binti yangu ametengwa na wenzake saba na kuwekwa mahali pa kuchekwa, hali ambayo inaweza kuifanya bodi yako tukufu, itakapofika siku ya kuchagua, imwone kuwa mzembe, ilhali uzembe huo amepangiwa. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba arejeshwe mstarini."

Nakala kwa mwenyekiti wa bodi ya wadhamini. Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepeleka barua kwa mkono. Imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Binti ana lengelenge kwenye kidole gumba cha mguu. Anasema hilo ni la kawaida.

Ijumaa, 21 Machi

Jibu limekuja! "Bodi imesikitishwa, na imeazimia kwamba mchezaji asidhalilishwe jukwaani. Mabadiliko yatafanyika mara moja." Muuza stempu, jirani yangu wa meza ya kushoto, ameniomba nimsomee mara ya pili. Amesema katika miaka yake yote hajawahi kuona bodi ikijibu ndani ya wiki mbili. Nami sijawahi. Nimekula chakula cha mchana kwa furaha.

Jumamosi, 22 Machi

Nitaandika yote.

Binti alirudi saa nane mchana, amelowa, mwavuli uko mkononi haujafunguliwa. Hakuketi.

"Baba, umeandika nini?"

Nilimwambia kwamba nimetetea haki yake.

"Haki gani? Wamenitoa. Sasa tuko wanane tunakwenda sawa kama meno ya kitana. Mama Hesabu amezima muziki katikati. Amekaa sakafuni. Amesema, hii siyo dansi tena, hili ni gwaride la mabenchi."

Mama Hesabu ni mtunzi wa dansi hiyo. Wanamwita hivyo kwa sababu hata akinywa chai huhesabu.

"Lakini sasa uko mstarini," nilisema. "Huonekani mzembe."

"Sionekani kabisa, Baba! Mtu wa nane mstarini anaonekanaje? Wanachagua wanne. Wenzangu wote wana kipande chao kimoja. Twiga ana kile cha ngazi, yule mwenzetu aliye pacha ana kile cha simu. Mimi nilikuwa na kuchelewa. Unajua wangapi walijaribiwa ile sehemu? Sita. Wote sita walishindwa. Wiki tatu niliitafuta ile hesabu, hata usingizini. Umeninyang'anya kwa kurasa mbili."

"Ukurasa mmoja na nusu," nilisema, na Mungu anisamehe, ndilo jambo pekee lililonijia mdomoni.

Alinitazama. Kisha akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu, na upole ule uliniuma kuliko kama angeubamiza.

Mke wangu alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Mzee wangu, nikuulize. Wale wateja wako, si unawaambia wakusimulie mara mbili?"

"Ndiyo."

"Mwanao ulimsikiliza mara ngapi?"

Mvua ilikuwa imekatika, na nilikosa hata kelele ya kujificha ndani yake.

Jumapili, 23 Machi

Binti ameniwekea chai mbele yangu bila neno.

Jumatatu, 24 Machi

Chai, bila neno. Nilikwenda kwa mkurugenzi wa kundi kabla ya kufungua meza yangu. Ni mtu mwembamba, mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Nilimwambia nimekuja kuiondoa barua yangu.

"Haiondoki, mzee. Ilikuwa nzuri mno. Mwenyekiti ni jaji mstaafu. Aliisoma kikaoni kwa sauti. Wajumbe wawili walifuta macho."

"Basi nitamwambia nimebadili mawazo."

"Atakuuliza kwa nini. Yule hatengui azimio kwa sababu mtu kabadili mawazo. Anataka hoja. Unayo?"

Sikuwa nayo. Ningeweza kutunga, ndiyo kazi yangu. Lakini sijapata kuandika hoja nisiyoielewa nikaiwekea jina langu mwenyewe. Niliomba ruhusa ya kutazama mazoezi.

"Mazoezi rasmi ni asubuhi," alisema. Kisha akashusha sauti. "Saa saba mchana, wakati wa chakula, wachezaji wanabaki ukumbini kwa hiari yao. Mimi huwa siko. Sijui wanafanya nini."

Jumanne, 25 Machi

Saa saba nilifunga meza na kwenda. Wote wanane walikuwapo, chakula chao kikiwa kwenye vibweta kando ya ukuta, hakijaguswa. Walikuwa wakiicheza dansi kama ilivyokuwa kabla ya barua yangu, na binti yangu alikuwa akichelewa. Aliniona kwenye kioo. Hesabu haikumponyoka.

Mama Hesabu alikuja kusimama karibu yangu. Ni mfupi, na ana kalamu nyuma ya sikio ingawa sikumwona akiandika.

"Ndiye wewe mwenye barua?"

"Ndimi."

"Kiswahili chako kizuri. Kimeniua. Kaa pale, usiguse kitu."

Alhamisi, 27 Machi

Nimekaa pale. Sikucheka, ila nimegundua kwamba hakuna mchezaji anayecheka. Nilimuuliza Mama Hesabu sababu.

"Akicheka yeye, mtazamaji atacheka nini? Yule bintiyo haoni kama amechelewa. Kwa hesabu zake yuko sahihi kabisa; ni dunia nzima imewahi. Ndiyo maana anachekesha, na ndiyo maana utampenda. Akianza kujikunyata kuomba huruma, tumekwisha."

Nimeyanakili maneno hayo nyuma ya bahasha.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua kubwa. Ukumbini hawakusikia muziki kwa sababu ya mabati, wakafanya mazoezi ya viti tu. Twiga alinitania: "Mzee, leo umekuja kutushtaki tena?" Nilimjibu kwamba faili bado linachunguzwa. Walicheka wote, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja, hata hivyo, aliuma mdomo.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimeelewa, na nitaeleza nilivyoelewa.

Walikuwa katikati ya sehemu ya salamu. Saba wakageuka, na binti yangu akageuka pamoja nao, sambamba, safi, kama ninavyopenda mtu aandike. Papo hapo wote walisimama.

"Aaah!" Twiga akapiga kelele. "Umewahi!"

"Samahani," binti akasema, akijipiga paja. "Samahani jamani, nimewasikiliza sana nikavutwa."

"Tangu mwanzo," Mama Hesabu akasema.

Nilikaa nikiwa nimeshika goti langu. Katika ukumbi ule mzima, mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba amefanya vizuri, na mimi peke yangu ndiye niliyekosea. Wale saba wana hesabu moja vichwani. Yeye anazo mbili: ya wenzake, ambayo hana budi kuisikia ili asiangukie humo, na ya kwake, inayopita nyuma yake kwa pengo lilelile bila kupanuka wala kusinyaa, kwa dakika zote kumi na moja za dansi. Akipungua nusu, ni ajali. Akizidi nusu, ni uvivu. Akiwa palepale, ni kicheko.

Jioni nilimwomba mke wangu apige makofi kwa mwendo mmoja, nami nipige hesabu moja nyuma yake. Nilidumu makofi sita. Mara ya pili, manne.

"Mzee, unapiga pamoja nami," alisema.

"Najua."

"Sasa mbona uso umeukunja kama unasoma hukumu?"

Alianza kucheka, makofi yakamharibikia, nami nikaenda nyuma yake huku nikipotea, mpaka mlango wa chumbani ukafunguka. Binti alisimama pale, mswaki mdomoni.

"Usimfuate Mama kwa masikio, Baba," alisema. "Utavutwa. Pumua pale anapopiga, kisha piga."

Nilipumua, nikapiga. Nilidumu makofi kumi na moja. Ni neno lake la kwanza kwangu tangu tarehe 22 Machi.

Jumamosi, 5 Aprili

Amenisimulia dansi yote upya, hatua kwa hatua, jikoni, akitumia vijiko. Mara mbili. Kanuni imetimia.

Jumanne, 8 Aprili

Rasimu ya kwanza: kurasa tatu. Nimeichana.

Alhamisi, 10 Aprili

Rasimu ya nne. Ina maneno "kwa kuzingatia muktadha mpana wa sanaa". Nimeichana kwa aibu.

Jumatatu, 14 Aprili

Rasimu ya saba. Mvua imeingia kwenye taipureta. Herufi k imegoma. Muuza stempu anasema nimekonda.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepeleka hii, iliyoandikwa kwa mkono:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, niliandika baada ya kuona mara moja, na nilikosea. Nimetazama mara kumi na mbili, nami nathibitisha kwamba kumchekesha mtu kwa kuchelewa ni kazi ngumu kuliko kwenda sawa, na kwamba anayeifanya hadhalilishwi bali anaaminiwa. Naomba uje utazame kabla hujanijibu, na naomba binti yangu aruhusiwe kuchelewa."

Sentensi tatu. Sijawahi kuandika barua fupi kiasi hicho, na sijawahi kuogopa barua kiasi hicho.

Jumanne, 22 Aprili

Kimya. Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Mwenyekiti atakuja Jumamosi.

Jumamosi, 26 Aprili

Jaji mstaafu alikuja na wajumbe wawili na daftari. Ni mzee mkubwa wa mwili, mwenye uso ambao nadhani haukupata kucheka tangu alipoapishwa. Aliketi. Nasi tuliketi nyuma yake. Mkurugenzi alivaa miwani zote mbili usoni kwa hofu.

Walicheza. Wajumbe wawili walicheka kwenye salamu, kisha wakamtazama mkubwa wao, wakaacha. Yeye alikaa kama sanduku. Ilipofika zamu ya kiti, na binti yangu akaketi juu ya hewa kwa ile heshima yake yote, mabega ya mzee yalishtuka mara moja tu. Nikadhani ni kikohozi.

Muziki uliisha. Mzee akaandika kitu.

"Hebu rudieni pale pa kiti," akasema. "Nataka kuhakikisha."

Wakarudia. Mabega.

"Mara nyingine. Kwa ajili ya kumbukumbu za kikao."

Wakarudia. Safari hii alitoa kitambaa, akajifunika uso wote, na kutoka ndani ya kitambaa kile ikatoka sauti nyembamba ya birika linalokaribia kuchemka. Wajumbe walisubiri. Alipojifunua, macho yalikuwa mekundu.

"Azimio limetenguliwa," alisema. Kisha, akinigeukia: "Barua yako ya kwanza ilinitoa machozi, mzee. Hii ya pili imenitoa zaidi. Usiniandikie ya tatu, nina shinikizo la damu."

Binti alinipita akielekea kunywa maji, akanigonga bega kwa bega lake. Hilo tu. Nimeliandika hapa kwa sababu halina muhuri wala nakala nyingine.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Wote wana mafua, hata Mama Hesabu, anayepiga chafya kwa hesabu ya nne.

Jumapili, 11 Mei

Jana ilikuwa siku yenyewe, na sikuweza kushika kalamu.

Onyesho lilianza saa kumi alasiri. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Wingu lilikuwa jeusi tangu mchana, na mvua ilishuka juu ya mabati punde tu taa zilipopunguzwa. Mkurugenzi aliongeza sauti ya muziki hadi mwisho. Tulisikia, kwa taabu.

Salamu zilipopita, watu walicheka. Ngazi ya Twiga, walicheka. Ndipo kikaja kiti. Binti yangu aliketi juu ya hewa, akakunja mguu juu ya mguu, akafungua faili lisilokuwapo, na ukumbi ukapasuka. Kicheko kilianza mstari wa mbele, kikafika ukutani, kikarudi. Kilipoanza kufa, mtu mmoja nyuma alipiga ukelele kama kuku, kikaanza upya. Mvua juu, kicheko chini. Muziki ukazama kabisa.

Nikaona jambo ambalo wengine hawakuliona, kwa kuwa nilikuwa nimetazama mara nyingi. Wale saba walipotea. Walikuwa wamesimama, wanasubiri kugeuka, na hakuna aliyejua ageuke lini. Macho ya Twiga yalikwenda kushoto, yakaenda kulia. Mkono wa pacha ulianza kuinuka, ukasita. Nilimshika mke wangu mkono. Mama Hesabu, pembeni ya pazia, alikuwa amefumba macho.

Mmoja tu jukwaani alikuwa na hesabu. Amezibeba mbili tangu Februari, na ya wenzake hakuipoteza hata walipoipoteza wenyewe. Binti yangu aliinuka kutoka juu ya kile kiti kisichokuwapo, bila haraka, na kwenye hesabu ya kweli, hesabu yao, akageuka. Peke yake. Wa kwanza.

Saba wakamfuata. Lakini walimfuata kwa kumwona, na mwenye kuona hana budi kuchelewa: wote saba wakageuka hesabu moja nyuma yake.

Watazamaji wakadhani imetungwa hivyo. Yule aliyechelewa maisha yake yote ofisini sasa amewahi, na ofisi nzima ndiyo imechelewa! Nimesikia ngurumo masika haya; ile haikuwa kitu. Watu walisimama. Jaji alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti chake, si kwa ibada. Nami, ambaye sikucheka mara kumi na mbili za mazoezi, nilicheka hadi kofia ikaanguka na mtu wa mbele akaikalia. Mvua ilipopungua muziki ulisikika tena, nao wanane wakaukuta pale alipokuwa binti yangu, wakamaliza pamoja, kama uzi mmoja.

Wakati wa makofi bwana mmoja asiyenijua alipaza sauti sikioni mwangu: "Yule mchelewaji ni nani?"

Nilisimama kwanza, nikafunga kifungo cha koti.

"Ni binti yangu," nilisema.

Baadaye, nyuma ya pazia, Mama Hesabu alikuwa anamtikisa kwa mabega. "Ibaki hivyo! Unanisikia? Kuanzia leo ndivyo ilivyotungwa!" Twiga alikuwa amekaa chini, shati limelowa. "Dada," alisema, "kesho ukiniambia niruke dirishani, naruka. Ila nitachelewa kidogo."

Jumatatu, 12 Mei

Majina manne yamebandikwa. La kwake ni la kwanza.

Saa tano tuliitwa ofisini kwa mkurugenzi kutia saini mkataba wa miaka miwili. Binti aliupokea, akaupitisha kwangu. "Usome kwanza wewe, Baba. Wewe ndiye mwenye kuzijua karatasi."

Niliusoma wote, kurasa nne, kwa utulivu. Nilipofika kifungu cha sita nilitoa kalamu.

"Kuna tatizo?" mkurugenzi akauliza.

Nilimsomea: "Mchezaji atatekeleza majukumu yake yote jukwaani kwa wakati na bila makosa."

"Ni lugha ya kawaida, mzee. Mikataba yote inayo."

"Kwa huyu haifai," nilisema, na kwa ruhusa yake nikaongeza pembeni, kwa mwandiko wangu ulio bora: "isipokuwa pale ambapo kuchelewa au kukosea ndiyo kazi aliyopewa."

Mkurugenzi alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni, akasoma, akaanza kutikisika. Alicheka mpaka karani akachungulia mlangoni. Kisha akaweka herufi za jina lake kando ya nyongeza ile ili iwe halali, akagonga muhuri, na binti yangu akatia saini.